Niliandika Mita 250

Usiku mmoja wa Julai, kusi likivuma mashariki ya Pemba, niliandika uongo kwenye batli ya meli. Niliandika kwamba kebo ilikuwa mita 250. Ilikuwa mita 100.

Meli yetu ya utafiti ilikuwa ya chuma, na chuma kina usumaku wake. Ndiyo sababu magnetomita haikai melini. Huburutwa nyuma kwa kebo ndefu, kama mara tatu ya urefu wa meli, ipate kusoma uga wa sumaku wa dunia. Saa mbili usiku tulikuta nyavu za wavuvi mbele yetu, nikaivuta kebo. Tulipozipita nilipaswa kuiachia tena. Mawimbi yalikuwa yanapanda tezini, nami nimechoka. Nikabaki ndani, nikanakili namba ya zamu iliyopita hadi saa kumi na moja alfajiri.

Nilijiambia ni jambo dogo. Uga wa pwani yetu unazidi nanotesla 30,000. Nanotesla thelathini zinazoongezwa na chuma cha meli zingeharibu nini? Lakini tulichokuwa tunapima ni jinsi uga ulivyobadilika tangu meli za zamani zipite pale, na badiliko la mwaka mzima ni makumi tu ya nanotesla. Kosa langu lilitosha kuonekana kama habari mpya ya dunia.

Mwenzangu ofisini akaona kwamba njia zetu zilipokatana, vipimo havikupatana. Akashuku dhoruba ya sumaku kutoka juani, akaitafuta wiki tatu. Mimi nilijua, nikanyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko kebo yenyewe.

Mwaka 1909 Wamarekani waliunda Carnegie, meli ya mbao na shaba ambayo hata nanga zake hazikuwa za chuma, ili ipime uga huuhuu baharini. Nahodha wake, James Percy Ault, alikufa Novemba 1929 meli ilipolipuka bandarini Apia, Samoa. Vipimo vyake vimebaki, na kwa hivyo tunajua uga wa bahari ulivyokuwa enzi zile. Ault hakuniachia uongo.

Wiki ya nne nilimwendea mwenzangu, nikamweleza yote. Vipimo vya muda wa saa tisa vikafutwa. Uga wa usiku ule umeshabadilika, na hakuna meli itakayoupima tena.