Siku 80, Siku 120
Katika riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1873, mhusika mkuu aliizunguka dunia kwa siku 80. Mnamo 1998, Mwingereza Brian Milton alinuia kufanya vivyo hivyo kwa ndege ndogo mno, isiyo na paa, yenye bawa la kitambaa. Vibali vilimkwamisha Urusi kwa majuma kadhaa, akarejea Uingereza baada ya siku 120. Lengo lilimponyoka, hata hivyo alikuwa wa kwanza kuizunguka dunia kwa chombo cha aina hiyo, akatunukiwa tuzo ya Segrave. Nami, ambaye ufadhili wangu umekwisha kabla ya tasnifu, najikumbusha kauli ya wahenga: kawia ufike. Milton alikawia, akafika.