Madirisha ya Nyumba ya Marehemu Baba

Katika kurasa kama hizi aghlabu husomwa mambo ya malezi ya watoto, na ya mume na mke, na ya haki za jirani. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya madirisha. Huenda wengine wakaliona kuwa ni jambo dogo. Nasi tuliliona hivyo, mpaka lilipotukalisha kitako muda wa miezi minane, ndugu watano pamoja na mama yetu, na likakaribia kututia maneno mabaya vinywani.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Kiponda, katika kichochoro ambacho watu wawili wenye makapu hawapishani ila mmoja ageuke ubavu. Ni nyumba ya mawe na chokaa, yenye kuta za unene wa zaidi ya nusu mita. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu wajenzi wa zamani walifuata urefu wa boriti za mikoko, na boriti za namna hiyo hazivuki sana mita tatu. Ina madirisha 14. Sita yaelekea kichochoroni na manane yatazama ua wa ndani. Kila dirisha lina milango miwili ya mbao yenye vibao vya luva, na nyuma yake nondo za chuma zilizosimama wima. Marehemu baba yetu alikuwa akiyapaka rangi kwa mkono wake, mwaka huu haya na mwaka ujao yale, kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Alipofariki mwaka 2014, Mwenyezi Mungu amrehemu, brashi yake ilibaki stoo ndani ya kopo, na katika sisi watoto wake hakuna aliyeishika.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka, nalo lilikuwa katika kutengenezwa. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash, na sote tulikua tukilitazama kama mlima usiotikisika. Siku zile kila mwenye nyumba ya mawe aliinua macho akaitazama dari yake. Nasi tuliinua macho, tukasema itabidi tufanye jambo, na hatukufanya. Hata katika masika ya mwaka 2023, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, kipande cha mbao cha chini ya dirisha la sebule kilichomoka, kikaanguka kichochoroni, wakati watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kupita kwenda chuoni. Walikuwa wamepita kwa muda wa kusoma Alhamdu mara mbili au tatu. Mama yetu aliteremka mwenyewe, akakiokota kile kipande, akakiweka juu ya meza tulipokuwa tukinywa chai, wala hakusema neno.

Kaka yetu mkubwa anaishi Maskati, na tulipompasha habari jibu lake lilikuja siku ile ile. Yatolewe yote 14, yatiwe ya aluminiamu na vioo vyeusi, naye atatoa nusu ya gharama. Haki si kulidharau shauri lake, kwani hoja zake zilikuwa na uzito. Mbao huoza na mchwa huzila. Mafundi waliojua kazi ya luva wanakwisha mmoja mmoja. Vumbi na kelele za pikipiki huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Yeye mwenyewe akija na wanawe hulala kwa kiyoyozi, na kiyoyozi katika chumba cha luva ni kama kuchota maji kwa pakacha. Wawili katika sisi tulikubaliana naye palepale. Na twakiri kwamba mmoja wa hao wawili ndiye ashikaye kalamu hii.

Lakini nyumba si ya kaka, wala si yetu sisi tulio ndani yake. Ni ya urithi. Mama ana thumuni yake, na sisi wana na mabinti tuna mafungu yetu kama yalivyogawanywa na sharia, na mwenye fungu dogo hana udogo mbele ya kauli. Kwa hiyo ilipasa kila mmoja aridhike. Tena liko jambo la serikali. Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mtu hawezi kubadilisha uso wa nyumba yake bila ya ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Hili lilitosha kutuzuia kwa yale sita ya nje, ila halikumaliza maneno. Kaka alisema ruhusa huombwa, na mwombaji huenda akapewa.

Lililogeuza fikira zetu halikutoka kwa serikali wala kwa fundi. Mwaka ule ule mama aliugua, akaenda kukaa mwezi mzima kwa dada yetu, ambaye nyumba yake ni mpya, ya matofali ya saruji, huko nje ya mji. Madirisha yake ni yale yale aliyoyataka kaka, ya kusukuma, yenye vioo vyeusi. Mchana mama aliyasifu, kwani aliwaona wapitao njia nao hawakumwona. Usiku mmoja mjukuu wake alirudi msikitini baada ya Isha, akaingia kwa haya, akamwambia mama yake pembeni kwamba bibi anaonekana barabarani, yuko kichwa wazi, anasuka nywele zake mbele ya taa. Dada hakuamini. Alitoka nje, akaona kila kitu, mpaka rangi ya khanga iliyokunjwa juu ya kitanda.

Sababu yake ni nyepesi, na ajabu ni kwamba hatukuwa tumeifikiri. Kioo cheusi humficha aliye upande wa giza na humfichua aliye upande wa mwanga. Mchana mwanga uko nje. Usiku, taa ikiwashwa, mambo hugeuka. Anayetaka sitara usiku hana budi avute pazia zito, na akilivuta amefunga upepo pia. Tangu usiku ule mama alikuwa akizima taa kila alipotaka kuvua mtandio. Aliporudi Kiponda alikaa nyuma ya luva zake kuukuu, zilizopungua vibao viwili, akatuambia, "Wanangu, kile kioo kina sitara ya mchana tu. Hizi zanisitiri saa zote, na upepo napata."

Dini yetu imemkataza mtu kuchungulia ndani ya nyumba ya mwenziwe. Waliochonga luva hawakungoja wapita njia wote wawe wacha Mungu. Vile vibao vimelazwa kwa kuinama, kiasi kwamba aliye chini njiani huona mbao tupu, na aliye ndani juu huona njia. Mvua huteremka juu ya migongo yake ikatoka nje, na upepo hupenya katikati. Dirisha likifunguliwa, milango yote miwili hukunjuka na nafasi yote ikawa wazi. Dirisha la kusukuma hukupa nusu tu, kwa maana kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenziwe. Jua nalo likipiga kioo, joto huingia na kubakia ndani.

Hata hivyo mapenzi ya mama hayaondoi uozo katika mbao, nasi tuliwaita mafundi wawili waje watazame. Wa kwanza alikuwa wa aluminiamu, kijana mwenye adabu. Alipima dirisha la sebule juu, kati na chini, akapata vipimo vitatu. Akatueleza kwa ukweli kwamba fremu yake hutaka tundu lililonyooka, kwa hiyo itabidi miimo ya zamani ing'olewe na pengo lizibwe kwa saruji. Yakaingia mashaka hapo. Miimo ile imejengewa pamoja na ukuta, na juu yake kuna mbao zilizobeba mawe; mwenye kuing'oa hajui atateremsha nini. Tena saruji na chokaa hazipatani. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa unyevu na kuutoa kama mtu avutavyo pumzi. Saruji ni ngumu na huziba, unyevu hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache plasta huachana na ukuta. Twazijua nyumba za jirani zilizopatwa na hayo. Na bahari iko karibu: chumvi yake hutoboa hata aluminiamu vidoto vidoto, na magurudumu na skrubu za chini hushika kutu.

Fundi wa pili alikuwa seremala mzee, Mpemba, na chombo chake cha kwanza hakikuwa randa wala patasi, bali msumari mrefu. Alikwenda dirisha kwa dirisha akiuchomeka katika mbao: chini ya kila mlango, kwenye pembe, penye bawaba. Ulipogonga na kukataa alisema, "Hai." Ulipozama alinyamaza, akatia alama ya chaki. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, nasi tulimfuata nyuma kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Katika madirisha 14, tisa yalikuwa mazima, ila rangi imekufa na bawaba zimelika. Manne yalikuwa yameoza sehemu ya chini tu, pale maji yanapokaa. Moja, la jikoni, lilikuwa limeliwa na mchwa mpaka ukilibonyeza latoa unga. Basi tulikuwa tumegombana miezi sita juu ya madirisha 14, na dirisha lililokufa lilikuwa moja.

Mbao zake, alisema, ni msaji wa zamani uliokomaa, na wa sifa hiyo hatutaupata dukani leo kwa urahisi. Kuutupa kwa sababu ya shibiri moja iliyooza chini aliona ni israfu. Alikata sehemu iliyooza mpaka akakuta mbao hai, akakata kwa mshazari ili maji yasipate pa kusimama katika kiungo, akaunga kipande kipya. Chini ya kizingiti alichimba kijifereji chembamba, ili tone la maji likifika hapo lidondoke na lisirudi ukutani. Skrubu alitaka za shaba, kwa sababu ya chuma ikishika kutu huvimba na kuipasua mbao.

Hapa twataja kosa letu wenyewe, ili mwenye nyumba kama yetu asilirudie. Kwa kutaka kupunguza gharama tuliwapa vijana wa nyumbani msasa, wakwangue rangi ya zamani. Walikwangua kavukavu siku mbili, vumbi likatanda sebuleni, na mtoto wa miaka miwili akitambaa humo humo. Jirani yetu, mwanamke aliyefanya kazi ya uuguzi, aliingia kuazima sinia, akasimama mlangoni, akatuuliza kama tuna akili. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likimwingia mtoto hudhuru ubongo wake. Mama mja mzito pia ni wa kuhofiwa. Tangu hapo mbao zililowanishwa kwanza ndipo zikwanguliwe, chini pakatandikwa turubai, mabaki yakakusanywa yangali mabichi, wala hakuna aliyeyachoma moto. Watoto walihamishiwa kwa shangazi yao. Mtoto yule tulimpeleka akapimwa damu, na alhamdulillahi daktari hakuona la kutisha; ila zile siku za kungoja majibu hatutazisahau.

Kwa upande wa fedha, asidhani msomaji kwamba kutengeneza kulikuwa rahisi mno. Kazi ya mkono ni ghali, na mzee yule hakubali kuharakishwa. Dirisha moja lilimchukua wiki nzima. Tulipopiga hesabu ya yote, tofauti na aluminiamu haikuwa kubwa, na kama tungehesabu madirisha manne tu yaliyooza, aluminiamu ingeonekana rahisi. Lakini seremala hakudai alipwe yote kwa pamoja. Tulitengeneza mawili, tukapumzika, tukatengeneza mawili tena. Kwa nyumba ya warithi wenye vipato mbalimbali, nafasi hiyo ya kupumua ilikuwa na thamani yake.

Kaka hatukumshinda, wala hatukutaka kumshinda. Chumba chake tulikiwekea milango ya pili ya vioo, kwa upande wa ndani, nyuma ya luva. Akiwasha kiyoyozi hufunga vioo. Asipokuwepo vioo hubaki wazi na luva zikafanya kazi yake. Kwa nje nyumba haikubadilika uso. Dirisha la jikoni lilitengenezwa jipya kwa mbao za mvule, kwa umbo la lile lililokufa, na kwa ajili ya mbu tuliongeza wavu wenye fremu inayotoka, ili uoshwe. Mama alisema wavu wamtia ukungu machoni, na kwa dirisha lake yeye akakataa.

Kaka alikuja Unguja mwaka uliofuata. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, aliteremka peke yake mpaka kichochoroni, akasimama chini ya dirisha la sebule ambamo taa zote zilikuwa zikiwaka, akatazama juu kwa muda. Mama alikuwa amekaa nyuma ya luva, mtandio begani. Tukamsikia akiita, "Unatafuta nini hapo, mwanangu?" Kaka alicheka, akapanda ngazi, akauliza brashi ya marehemu baba iko wapi.

Iko stoo bado, nywele zake zimekauka kama fagio. Mpya imekwisha kununuliwa. Yamebaki madirisha mawili ya upande wa ua, na seremala ametuahidi atarudi kutoka Pemba katika Mfunguo Mosi, inshallah.