Buru: sayari yenye jina letu

JE, msomaji, wajua kwamba iko sayari yenye jina la Kijaluo? Yaitwa Buru, yaani vumbi. Huizunguka nyota iitwayo Kalausi, ambao ni upepo mkali unaozunguka kama chamchela. Majina hayo yalitolewa na Kenya mwaka wa 2019, Muungano wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota (IAU) ulipoadhimisha miaka 100.

Lakini ili ujue jinsi sayari hiyo ilivyopatikana, yakubidi usafiri kwa mawazo hadi Chile, Amerika Kusini. Yapata kilomita 600 kaskazini mwa jiji la Santiago, pembeni mwa jangwa la Atacama, kuna mlima uitwao La Silla. Maana yake ni tandiko la farasi, kutokana na umbo lake. Huko juu, mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu, mawingu ni haba na taa za miji ziko mbali. Miongoni mwa darubini zilizojengwa hapo ni ile ya Waswisi iitwayo Euler, yenye kioo cha upana wa mita 1.2.

Usidhani kwamba wataalamu huiona Buru yenyewe. La, mng'ao wa nyota huificha. Wao huchunguza nyota. Umewahi kumwona baba akimshika mtoto mikono na kumzungusha? Mtoto huruka, lakini baba naye huyumba kidogo. Vivyo hivyo sayari huivuta nyota yake, ikawa yasogea kwetu na kurudi nyuma. Mwanga wake hubadilika kidogo, kama mlio wa king'ora cha ambulensi unavyobadilika inapokukaribia na kukupita.

Kwa njia hiyo, wataalamu wa Geneva walitambua kwamba Kalausi huyumba kila baada ya siku tatu kasoro kidogo. Huo ndio mwaka mzima wa Buru! Mwaka wa 2000 walitangaza pia sayari ya pili, ambayo ingeizunguka nyota hiyo kwa siku 30 hivi.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Watafiti wengine walielekeza darubini za Australia na Hawaii kwenye nyota iyo hiyo. Mwaka wa 2002 walieleza kwamba vipimo vyao vilithibitisha Buru, lakini ile ya pili haikuonekana kamwe. Waswisi wenyewe walipozidi kupima, dalili ile ilitoweka. Nyota huwa na madoa kama jua letu, na inapojizungusha, madoa hayo yaweza kuiga dalili za sayari.

Lau hawangerudia vipimo, huenda leo watoto wetu wangekuwa wakikariri jina la kitu kisichokuwapo. Buru imebaki kwa sababu imepimwa na watu mbalimbali, kutoka milima mbalimbali, wakapata jibu moja.

Jioni za Machi na Aprili, watoe watoto nje mtazame upande wa kusini, kwenye kundi la nyota liitwalo Vela, yaani matanga ya jahazi. Kalausi iko huko, mbali kiasi cha miaka 130 na zaidi kwa mwendo wa mwanga. Kwa macho matupu hamtaiona, lakini waambieni kwamba ipo, na mwaeleze jinsi ilivyojulikana.