Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Mashine ya Kuchimba Mashimo

Mweiga, Kaunti ya Nyeri

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi tu wazima, ila baridi ya Julai imetukamata na jua hatujaliona tangu juzi. Mwambie dada yangu kwamba viazi alivyoagiza vitashuka Mombasa na basi la wiki ijayo.

Video zako nimezitazama zote. Nimewaona Wamarekani wa Minnesota wakitoboa barafu ya ziwa kwa mashine ya betri, keekee inazama kufumba na kufumbua, huku mwenzao wa mashine ya petroli akivuta kamba mpaka anatokwa jasho kwenye baridi ile. Ukaniandikia kwamba petroli imepitwa na wakati, na kwamba akiba uliyoiweka kwa kazi ya bandarini unataka kununulia mashine ya betri, uje uwachimbie watu mashimo ya nguzo huku Kieni. Umeomba baraka zangu. Baraka unazo. Kuhusu betri, nisikilize kwanza.

Video hizo hazikudanganyi, ila zinasema ukweli wa kwao. Majira ya baridi yakiiva, ziwa la Minnesota linaganda hata magari yanapita juu yake. Idara yao ya maliasili huwaonya watu wasikanyage barafu mpya iliyo chini ya inchi 4, lakini katikati ya majira hayo unene huwa umepita hapo kwa mbali. Mvuvi hutoboa tundu la inchi 8 au 10, akateremsha ndoana, akaketi ndani ya hema na jiko lake. Miaka mingi walitumia injini za petroli, wakavumilia makelele, moshi unaojaa hemani, na injini inayogoma kuwaka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Betri za lithiamu zikawaondolea adha hiyo. Kampuni kama StrikeMaster zikaanza kuuza mashine za volti 40, na wavuvi wengi wakahamia huko. Kasoro waliyobaki nayo ni kwamba baridi kali hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo mtu huiweka mahali penye joto mpaka saa ya kutoboa.

Sasa mwangalie huyo mvuvi vizuri. Akishatoboa matundu yake, anakaa. Kazi yake kubwa ni kungoja. Barafu haina jiwe ndani, haina mzizi wa mkaratusi, na hakuna mtu anayemlipa kwa tundu. Wewe utalipwa kwa shimo, na mwenye shamba atakuwa amesimama kando yako akihesabu. (Sisi barafu yetu iko juu ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, peke yake, nayo inazidi kuyeyuka. Samaki wetu wa maji baridi, wale trauti walioletwa na wakoloni, unawavua ukiwa umesimama ukingoni mwa mto. Hakuna cha kutoboa.)

Wateja wako watakuwa wa namna mbili, na hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Wa kwanza ni walionunua ploti za futi 50 kwa 100 kandokando ya barabara ya Nanyuki, kuanzia Kiganjo na Chaka hadi Naro Moru na kuendelea. Wengi wanaishi Nairobi, na wanataka waya uzungushwe kabla jirani hajasogeza mpaka. Mzunguko wa ploti hiyo ni futi 300, yaani mita 91 hivi. Ukisimika nguzo kila baada ya mita 3, unapata mashimo 30. Wa pili ni wenye mashamba. Ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa mita 254, hayo ni mashimo kama 85, na ekari 5 zikiwa pamoja zinakaribia 190. Watu hawa wanaujua ua. Ule wa umeme wa Aberdare, uliosukumwa na shirika la uhifadhi la Rhino Ark pamoja na serikali na wanakijiji, ulianza kujengwa 1989 ukakamilika 2009, karibu kilomita 400. Wa Mlima Kenya ukaanza 2012. Mtu aliyeona mahindi yake yakisalimika na ndovu hahitaji kushawishiwa kuhusu nguzo. Anachouliza ni bei na siku.

Hesabu ya nguvu muuzaji hatakupigia, basi nikupigie mimi. Betri iliyoandikwa volti 40 na ampea-saa 5 hubeba kama wati-saa 200, yaani sehemu moja ya tano ya uniti ya stima. Lita moja ya petroli ina nishati inayokaribia uniti 9. Injini ndogo ya kuchanganya oili hupoteza nyingi mno kwa joto na moshi. Tuseme sehemu moja tu kati ya sita ndiyo inayofika kwenye keekee. Unabaki na uniti moja na nusu. Mota ya umeme haina uharibifu huo, lakini hata hivyo lita moja ya petroli inafanya kazi ya betri nane au tisa. Kwenye ploti ya nguzo 30, betri mbili au tatu huenda zikakutosha udongo ukiwa laini. Kwenye shamba la ekari 5 utazihitaji nyingi zaidi, na chaja utaichomeka wapi? Mashamba mengi ya Kieni hayana stima shambani, na hata penye nyumba yenye stima, ikipotea saa nne asubuhi hujui itarudi lini. Petroli unaibeba kwenye mtungi, unajaza tangi kwa dakika mbili, kazi inaendelea.

Hata hivyo betri ina jambo moja linaloipendelea sana huku, na mtu wa Pwani halioni. Uliniambia umejaribu mashine ya petroli ya rafiki yako hapo Likoni ikachimba bila taabu. Likoni iko usawa wa bahari. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu, na Naro Moru na Nanyuki zinakaribia 2,000. Hewa huku ni nyepesi, na injini hula hewa pamoja na petroli. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mashine ile ile ya Likoni ikifika Naro Moru itakuwa imepoteza moja ya tano kabla hujagusa udongo. Tena kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya bahari itamimina petroli kupita kiasi: moshi mzito, plagi imejaa masizi, injini inakohoa. Fundi wa pawa-so, yaani misumeno ya injini, atairekebisha skrubu ya kabureta kwa muda mfupi tu, lakini ile moja ya tano hatakurudishia. Mota ya betri haivuti hewa, haijui kama iko Likoni au Naro Moru. Na baridi yetu, ambayo najua utailalamikia, kwa betri si kitu. Kwa hiyo ukichukua ya petroli usichukue ndogo kwa sababu ya bei. Injini ya cc 52 ndiyo ningeanzia, na hata hiyo huku haitakuwa na nguvu zilizoandikwa kwenye boksi.

Udongo nao si mmoja. Othaya, Tetu na Mukurweini ni udongo mwekundu, mwepesi kuchimbika, na hapo mashine yoyote inajisifu. Ukija Kieni na kuelekea Laikipia unakutana na ule mweusi wa mfinyanzi, blakikotoni. Wakati wa kiangazi umekauka na kupasuka, keekee inarukaruka juu yake. Mvua ikinyesha unang'ang'ania keekee usidondoke, unalazimika kuutoa kwa panga kila shimo. Wenyeji humwaga maji mahali pa shimo jioni ya kuamkia kazi, wakachimba asubuhi udongo ukiwa umelegea. Fanya hivyo, na gharama ya kubeba maji uiweke kwenye bei.

Halafu kuna mawe. Hapa nakuomba usome polepole. Keekee ikigonga jiwe au mzizi mnene inasimama ghafla, lakini injini bado inasukuma, na nguvu hiyo yote inageukia mikononi mwako. Nimeona kijana mwenye mwili mkubwa akizungushwa na mashine akaanguka, kifundo cha mkono kikateguka. Mashine nyingi za betri zina kinga inayokata umeme keekee ikikwama, na zina mzunguko wa kurudi nyuma wa kuichomoa. Mashine ndogo nyingi za petroli hazina. Ikikwama unaizima na kuichimbua kwa mtaimbo. Lakini usije ukadhani betri ni mpole. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote tangu inapoanza kuzunguka, haipashi kwanza, kwa hiyo miguu iwe imejikita kabla hujabonyeza. Viatu vya ngozi, na ukiwa na petroli, vizibo vya masikio. Usinicheke, wazee wa pawa-so wa hapa leo wanaongea kwa kupiga kelele.

Jambo jingine: wakulima watakuita kwenye kahawa na avokado. Watu wanapanda tena kahawa aina ya Batian na Ruiru 11, na ekari moja ya Ruiru 11 inaingia miche kama 1,000, pesa ambayo itakutamanisha. Kataa, au eleza kwanza. Shimo la kahawa ni sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, ili lijazwe samadi na udongo wa juu. Keekee yako ya sentimita 20 inatoa tundu la nguzo. Mbaya zaidi, kwenye mfinyanzi inasugua kuta za tundu mpaka zinang'aa, mizizi michanga inashindwa kupenya, inazunguka humo humo. Mkulima ataona mche wake umedumaa baada ya miaka miwili, na jina litakalotajwa sokoni Karatina litakuwa lako.

Kwa upande wa gharama ya siku, betri inashinda bila mjadala. Kuijaza ni shilingi chache za tokeni ya stima, wakati petroli inangoja tangazo la bei la EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi. Oktoba 2023 ilifika shilingi 217.36 kwa lita pale Nairobi. Lakini gharama ya betri inakungoja mbele. Kila inapojazwa na kuisha inazeeka, na baada ya mara mia kadhaa utaona haifiki ilipokuwa ikifika. Betri mpya ni sehemu kubwa ya bei ya mashine yenyewe. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama ana betri ya aina hiyo peke yake, hapo dukani, leo. Akisema itaagizwa, umeshajibiwa. Ya petroli ikiharibika, mafundi wa pawa-so wamejaa Nyeri, Karatina na Nanyuki kwa sababu ya biashara ya mbao, na plagi, kamba na ringi za pistoni zinapatikana. Sijaona aliye huku anayefungua betri ya lithiamu na kuirudisha ikiwa salama, na wewe usijaribu.

Petroli ina adui mmoja, mchanganyiko mbaya. Kitabu kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40 za oili kwa kila lita. Kikisema 50 kwa 1, ni 20. Nunua oili ya injini za kuchanganya, si ya gari, na upime kwa chupa yenye alama. Ukikisia, pistoni inakwama. Na mashine ikikaa miezi bila kazi, mwaga petroli yote na uiache iunguruke mpaka ijizime, la sivyo kabureta itagandwa na uchafu.

Neno langu basi: kwa kuwa unataka kukaa Naro Moru na kufuata mashamba, anza na petroli. Ploti zikikuzidi, au ukiitwa kwenye shule na nyumba za wageni ambako hawataki makelele, faida ya petroli ndiyo ikununulie ya betri, na uchague ile ambayo betri yake inaingia pia kwenye msumeno na mashine ya kukata nyasi. Mtaimbo mzuri ununue kabla ya zote mbili. Shimo lenye jiwe litamalizwa nao, mashine iwe ya namna gani.

Wala usimtumie mtu pesa kwa sababu ya picha za mtandaoni. Chukua likizo kwanza, upande huku tukodi mashine ya siku moja. Upande wa chini wa shamba langu nguzo za mtarakwa zimeoza na ng'ombe wa jirani wanaingia wapendavyo. Utachimba hapo, nami nitakulipa kwa shimo, bei ya soko, nikiwa nimesimama kando. Njoo na sweta mbili.

Ni mimi mjomba wako.