Kutoka Joto la Magadi Hata Theluji ya Kilimanjaro

Asubuhi ya mwezi wa Julai mjini Nairobi jua halionekani. Wingu zito limetanda tangu alfajiri, manyunyu yanaanguka, na watu waendao kazini wamejifunga makoti na masweta, mikono yao wameificha mifukoni. Mtu aingiaye katika gari la kwenda Magadi asubuhi kama hiyo, ikiwa ni mara yake ya kwanza, hupanda na koti lake limefungwa vifungo vyote. Abiria waliozoea njia ile humtambua mgeni kwa koti hilo hilo. Hawamwambii neno, humwacha ajionee mwenyewe.

Njia ya Magadi ina urefu wa maili 70 hivi. Hupita Kiserian, ikazunguka mgongo wa vilima vya Ngong, ndipo inapoanza kuteremka katika Bonde la Ufa. Baada ya maili chache masikio huziba, kama yazibavyo mtu akipiga mbizi. Mawingu hubaki nyuma yameegemea vilima, na mbele hutokea anga tupu. Nyasi mbichi huisha, migunga mifupi huanza, kisha ni mawe na vumbi. Gari lifikapo Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua shoka za mawe za watu wa kale katika miaka ya 1940, koti liko magotini na sweta linavuliwa. Hata kufika Magadi yenyewe mgeni amebaki na shati, nalo limemganda mgongoni. Ametoka Nairobi kwa muda usiozidi nusu ya siku, wala hakuvuka mpaka wa nchi yo yote.

Magadi iko kimo cha futi 2,000 hivi juu ya bahari. Joto la mchana huko hupita mara nyingi digrii 35 katika kipimo cha Selsiasi. Ziwa lake ni ajabu kwa macho, kwa kuwa sehemu kubwa si maji bali ni ganda la magadi, jeupe kama chokaa, na mahali pengine lina wekundu. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911 ili kuyachimba magadi hayo, ambayo hutumiwa katika kazi ya kutengeneza kioo na sabuni. Kandokando ya ziwa ziko chemchemi za maji ya moto, na baadhi yake zina joto la zaidi ya digrii 80. Hata hivyo wako samaki wadogo waishio karibu nazo, katika maji yenye joto la digrii 40, ambayo mtu hawezi kukaa ndani yake kwa raha.

Lakini si kila kiumbe kilichopewa nguvu za samaki hao. Mwaka 1962 ndege aina ya heroe walizaa kwa wingi katika ziwa la Magadi, na jua likakausha maji kwa haraka, na magadi yakaganda katika miguu ya vifaranga. Pingu hizo zilizidi kunenepa kila siku hata vifaranga hawakuweza kutembea. Watu waliingia katika tope lile la moto, wakavunja pingu moja moja kwa kuzigonga kwa nyundo, na maelfu ya vifaranga wakaokolewa.

Joto la Magadi si kama la Mombasa, ingawa wengi huyataja pamoja. Mombasa kuna fukuto. Hewa ya bahari imejaa maji, na jasho hutiririka lisikauke, hata mtu akajiona kana kwamba amemwagiwa ndoo. Anajua wazi kuwa anatoka jasho, kwa hiyo hunywa maji. Magadi, hali kadhalika Lodwar katika nchi ya Waturkana, hewa ni kavu. Jasho hukauka mara litokapo, ngozi huonekana kavu, na mgeni hudhani kwamba hapotezi kitu. Hiyo ndiyo hatari yake. Hutembea mchana bila chupa ya maji, kisha kichwa humgonga, miguu hukaza misuli, na akili yake huanza kupotea kabla hajatambua kuwa ni kiu. Mmasai wa huko humwona mtu wa namna hiyo kuwa mpumbavu kidogo. Yeye huondoka na ng'ombe wake kungali na baridi ya alfajiri, na jua likiwa la utosi yuko chini ya mgunga.

Makarani wengi waliopata uhamisho kutoka nchi za juu kwenda Lodwar walijifunza jambo hili kwa taabu. Mtu aliyezaliwa Limuru hufika na blanketi mbili na godoro nene, na kwa usiku wa kwanza hulala ndani ya nyumba yenye kuta za mawe zilizochomwa na jua mchana kutwa. Usiku wa pili utamkuta nje, juu ya mkeka, kama majirani wake. Mwili huchukua juma moja au mawili kuzoea joto. Baadaye jasho huanza mapema zaidi, na chumvi haipotei kama mwanzo. Serikali ya kikoloni iliijua vema nchi hiyo ya kaskazini, ndiyo maana iliwapeleka huko watu iliotaka wawe mbali. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung tangu mwaka 1953, kisha akazuiliwa Lodwar hata mwaka 1961.

Sababu ya tofauti hizi zote si umbali bali ni kimo. Kwa wastani, mtu apandapo futi 1,000 hewa hupungua joto kwa karibu digrii mbili. Hewa iliyo juu ni nyepesi, haishiki joto kama hewa nzito ya chini. Reli ilitoka Mombasa mwaka 1896 usawa wa bahari, ikafika Nairobi kwenye futi 5,450 hivi; na ile njia ya Eldoret iliyojengwa katika miaka ya 1920 ikapanda hata stesheni ya Timboroa, futi 9,001. Timboroa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ule ambao watoto hufundishwa shuleni kwamba ndio sehemu ya joto ya dunia. Mtu akisimama pale usiku bila koti atakuwa na swali la kumwuliza mwalimu wake. Kwa upande mwingine, wenyeji wa pwani wana msimu wao wanaouita kipupwe, katikati ya mwaka, ambapo mzee wa Mombasa hujitanda shuka asubuhi katika hewa ambayo mtu wa Timboroa angeivulia shati.

Katika nchi hizo za juu, kama Kinangop, Molo na Mau, baridi si jambo la kuzungumzia tu. Ni jambo la shamba. Mgeni hudhani baridi mbaya ni ile ya Julai yenye ukungu na manyunyu. Mkulima anajua si hivyo. Mawingu ya Julai ni kama blanketi juu ya nchi: hulizuia jua mchana, lakini pia huzuia joto la ardhi lisitoroke usiku. Baridi anayoiogopa mkulima ni ya kiangazi, hasa Januari, wakati mchana ulikuwa na jua zuri na jioni mbingu ikawa safi, nyota zinaonekana zote, na upepo umetulia kabisa. Usiku kama huo joto la ardhi hupanda moja kwa moja angani lisizuiwe na kitu. Kabla ya mapambazuko umande huganda juu ya majani, nao ndio huitwa sakitu. Asubuhi shamba huonekana limenyunyiziwa unga. Jua likipanda, unga huyeyuka, na majani ya viazi hulegea, yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji yanayochemka. Wakulima husema yameungua, wala hakuna neno lililo sahihi zaidi.

Jambo moja huwashangaza wengi: sakitu haiwi sawa shamba zima. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka polepole kama maji na kujikusanya mabondeni. Kwa hiyo shamba lililo katika bonde lenye udongo mweusi mzuri laweza kuungua lote, na la jirani lililo mteremkoni, lenye udongo wa kawaida, likasalimika. Mkulima mwenye busara hupanda viazi vyake vya kiangazi mteremkoni, na bondeni huacha nyasi za ng'ombe. Hali kadhalika ua mnene wa miti uliopandwa chini ya shamba huzuia hewa ile isitoke, ikatuama ndani kama maji ya bwawa. Afadhali uachwe mwanya.

Januari ya mwaka 2012 sakitu ilianguka katika mashamba ya chai ya Kericho na Nandi. Majani machanga, ambayo ndiyo huchumwa, yaligeuka rangi ya kahawia. Mchai haufi kwa usiku mmoja wa namna hiyo, lakini hukaa majuma mengi kabla ya kutoa majani mapya. Na mchumaji hulipwa kwa kilo. Asiyechuma hana kilo, na mwezi wa Januari ndio mwezi wa karo za shule. Katika nyumba nyingi za wachumaji, usiku ule mmoja wa nyota ulihesabiwa kwa daftari na sare ambazo hazikununuliwa.

Nyumbani pia baridi ina hatari yake, na hii yastahili kutajwa bila kuficha. Jioni ya Julai mama huwasha jiko la makaa nje ya nyumba, hupika, kisha huliingiza chumbani ili watoto wapate joto. Mlango hufungwa, dirisha hufungwa, na wengine huziba hata ufa wa chini ya mlango kwa gunia. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, kwa hiyo watu hudhani hayana madhara. Kumbe hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa safi. Alalaye hasikii kitu. Aliye macho huumwa kichwa na kulegea magoti, hata akitaka kuufikia mlango hawezi. Kila msimu wa baridi husikika habari za jamaa nzima iliyokutwa asubuhi haina uhai, na jiko katikati yao limekwisha kuwa majivu. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, na dirisha liachwe wazi kidogo hata kama baridi ni kali. Blanketi la pili ni ghali, lakini lanunulika.

Wengi wa wenyeji wa nchi za juu hawajapata kugusa theluji, maana huanguka milimani tu. Septemba ya mwaka 2008 mvua ya mawe ilinyesha karibu na Nyahururu kwa wingi hata mawe yakashikana, mlima mzima ukawa mweupe. Watu walikuja kutoka mbali kuutazama, wakaushika weupe ule kwa mikono, na wengine wakautia mdomoni. Walicheka kama watoto. Hali hiyo ya kustaajabu ni ya zamani sana katika Afrika Mashariki, na si kila mara ilikwisha kwa kicheko.

Tarehe 11 Mei mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wa Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Juu yake aliona kitu cheupe kama wingu. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia ni nini, mtu huyo alijibu neno moja tu: baridi. Rebmann alifahamu kwamba ni theluji, akaandika habari hiyo, na wataalamu wa Ulaya walimkatalia. Bwana mmoja wa London aitwaye Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda sehemu ya mlima huo na theluji ikamwangukia yeye na watu wake. Cooley hakubadili maneno yake.

Wachaga, kwa upande wao, hawakuhitaji kitabu. Rebmann alisimuliwa kwao ya kuwa mfalme mmoja wa Machame alipata kutuma kundi la watu wapande mpaka kwenye weupe ule, akitumaini kuwa ni fedha. Walikuwa watu wa migombani, wenye nguo za migombani, wala hakuna aliyewaambia habari za kilele kilicho zaidi ya futi 19,000 juu ya bahari. Baridi iliwaua huko juu. Aliyerudi ni mmoja tu, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika kwa kuganda, akabaki kilema maisha yake yote. Wako waliojaribu pia kuteremka na fedha ile katika chupa. Walipofika chini na kuifungua mbele ya watu, hawakukuta ndani yake ila maji.