Dadu Lisilorushwa

Mwaka huu niruhusuni niwaletee habari za kitu kidogo kinachoenea kiganjani, lakini mafunzo yake ni makubwa.

Je, mnaujua mchezo wa bakigamoni? Huchezwa na watu wawili. Ubao wake una pembe nyembamba 24, na kila mchezaji ana kete 15 ambazo huzizungusha mpaka azitoe zote nje. Waturuki huuita tavla, na huko wazee huucheza mikahawani huku wakinywa chai.

Binamu yangu alinunua seti moja ya mitumba sokoni. Ndani tulikuta kete, madadu manne na vikombe viwili vya ngozi. Vikombe vya nini tena, chai? Kumbe madadu hutikiswa humo kisha yakamwagwa ubaoni, ili mtu asipate kuyapanga kwa vidole. Maana mkono mwepesi, bwana, una hila zake!

Kilichotushangaza zaidi ni dadu la tano. Lilikuwa kubwa kuliko mengine, na badala ya nukta lilikuwa na namba: 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Binamu akasema ati limeharibikia kiwandani. Mimi nikaenda kumwuliza mwalimu wa hisabati.

Mwalimu alinieleza kuwa dadu hilo halirushwi. Desturi ya kuzidisha ilianza katika vilabu vya New York miaka ya 1920. Mchezaji anayeona mambo yanamwendea vyema humsogezea mwenzake dadu likionyesha 2, yaani, "Tucheze kwa alama maradufu." Mwenzake akikubali, mchezo unaendelea kwa alama mbili, na ni yeye tu mwenye haki ya kuzidisha tena. Akikataa, mchezo unaishia papo hapo. Amepoteza alama moja, basi.

Sasa akubali lini? Tupige hesabu. Akikataa mara nne, amepoteza alama 4. Akikubali mara nne na kushinda mara moja tu, atapata 2 na kupoteza 6, hivyo bado amepoteza 4. Kwa hiyo asiye na hata nafasi moja kwa nne, kwa kawaida, heri akatae.

Wasomaji wapenzi, hesabu hiyo ilinikosesha usingizi. Binamu yangu huyo alikuwa akibeti mechi kwa simu. Akipoteza shilingi 100, huweka 200; zikienda, huweka 400, ati arudishe zake. Na pesa zenyewe ni karo ya chuo cha ufundi, ambayo shangazi aliikusanya kwa kuuza maziwa. Nikamwandikia daftarini: ukianza na 100 na kupoteza mara sita mfululizo, zimekwenda shilingi 6,300.

Akafoka, "Wewe wa kidato cha tatu utanifunza nini?"

Nikamjibu, "Kaka, katika bakigamoni anayezidisha ni yule anayeona anaelekea kushinda. Wewe wazidisha kwa sababu umeshindwa. Tena mchezaji husogezewa dadu akaulizwa. Wewe nani anakuuliza?"

Hakunijibu. Alilishika lile dadu, akaligeuza upande hata upande, 2, 4, 8, mpaka likafika 64. Kesho yake alimpelekea shangazi pesa zilizobaki amwekee. Siwezi kuwaapia kuwa ameacha kabisa, kwani tabia ni ngozi. Ila karo ya muhula wa kwanza imelipwa, na risiti nimeiona kwa macho yangu.

Chamani tulibishana sana kuhusu jina la kitu hiki. Mimi napendekeza "dadu la maradufu". Mwenye jina bora na alete. Lakini ewe msomaji, unaposogezewa jambo linalokuzidi, kukataa si woga. Wahenga walisema, heri nusu shari kuliko shari kamili.