Kijiwe Kimoja Si Mji

Ndugu msomaji, umeshawahi kusemewa? Mimi nimeshasemewa. Gazeti moja, jina lake tuliache, liliandika kwamba vijana wa Dar es Salaam hawasomi vitabu. Mwandishi alipita kwenye kijiwe kimoja, akauliza vijana watano, na wanne wakamjibu kuwa hawakumbuki lini walishika kitabu mara ya mwisho. Basi, hukumu ikatoka: vijana hawasomi. Washkaji wa maskani walicheka tu. Mimi iliniuma. Nyumbani kwetu yumo dada yangu, anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, na usiku watu wakishalala anafungua riwaya.

Malalamiko yangu ni mawili, na ni vizuri kuyatenganisha, kwa sababu watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni uchache. Chukulia kwamba nusu kamili ya vijana wa mji huu wanasoma. Ukiwaokota watano kwa bahati nasibu, hesabu inasema mara 6 kati ya 32 utapata wanne au zaidi wasiosoma. Karibu mara moja katika kila tano! Yaani mwandishi angeweza kupata kichwa chake cha habari hata kama nusu yetu tungekuwa tumeshika vitabu mikononi.

Jioni moja nilimwonyesha dada jambo hili kwa vitu vya jikoni. Tulihesabu punje 300 za mahindi na 200 za maharage, tukazichanganya kwenye ndoo. Ukweli wa ndoo tuliujua: maharage ni asilimia 40. Ukweli wa namna hiyo, wa kitu kizima, wanatakwimu huuita kigezo, na kwa kawaida haujulikani. Kinachojulikana ni kile ulichokishika mkononi, yaani sampuli. Dada akageuza uso, akachota punje 20, tukahesabu, tukarudisha, tukakoroga, akachota tena. Maharage yakatoka 8, kisha 5, kisha 10, kisha 7, kisha 11.

“Sasa mbona kila mara jibu jipya?” akauliza. “Ndoo si ile ile?”

Naam, ndoo ni ile ile. Sampuli ndivyo zilivyo, hazifanani, wala kutofautiana kwake si uongo. Lakini hazitofautiani ovyo. Tulipoendelea mara nyingi, majibu yalirundikana karibu na 8, na kadiri ulivyokwenda mbali na 8 ndivyo yalivyokuwa machache. Halafu tukachota punje 80 badala ya 20. Maharage yakatoka 29, 34, 31, 36. Yamekaribiana zaidi, ukiyapima kwa asilimia. Kanuni yake ni hii: ukitaka kuyumba kupungue nusu, chota mara nne zaidi. Ndiyo maana kupata uhakika zaidi ni gharama.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hukataa kuliamini. Watu 1,000 waliookotwa kwa haki, yaani kila mmoja wa mji mzima akiwa na nafasi sawa ya kuokotwa, wanatosha kukupa jibu ambalo mara 95 kati ya 100 halitaachana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 3 hivi. Na hao 1,000 wanatosha kwa Dar es Salaam yenye watu zaidi ya milioni 5, na wanatosha karibu vile vile kwa Tanzania nzima, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabia watu zaidi ya milioni 61. Mpishi haonji sufuria kubwa kwa upawa mkubwa. Kijiko kile kile kinatosha, mradi mchuzi umekorogwa.

Mradi umekorogwa! Hapo ndipo lilipo lalamiko langu la pili, na ndilo zito. Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa mchele. Kabla hajanunua gunia hulichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, mchele kidogo ukatoka akauangalia kiganjani. Lakini halichomi juu tu. Huchoma juu, katikati na chini kabisa. “Mpwa wangu,” huniambia, “mchele mzuri hupenda kukaa juu.” Angechoma juu mara mia, angejua habari za juu mara mia.

Wamarekani walijifunza somo hilo kwa aibu mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kama milioni 10 kuuliza nani atakuwa Rais, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Likatangaza kwamba Alf Landon atashinda. Franklin Roosevelt akashinda kwa karibu asilimia 61 ya kura. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari, na waliojitokeza kujibu hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, kwa sampuli ndogo mno kuliko hiyo, alisema Roosevelt atashinda. Wingi haukuliokoa jarida lile, kwa kuwa lilikuwa limechoma juu ya gunia.

Kwa hiyo hata kama yule mwandishi wetu angerudi akaulize vijana elfu tano vijiweni, bado dada yangu asingekuwemo. Wala yule anayelala dukani akilinda mali ya tajiri, wala binti wa kazi asiyetoka getini. Uchache unatibika kwa kuongeza watu. Ubovu wa mkono unaochagua hautibiki hivyo, unazidi kujiamini tu.

Nasema haya kwetu sisi tunaojifunza kuandika, kwani na sisi hupenda neno “vijana”, na “wanawake”, na “watu wa mtaani”. Hatutakiwi kufanya utafiti kila tukiandika hadithi. Lakini kabla hujaandika “sisi”, mwenzangu, hesabu umeonja wangapi, kisha jiulize nani hakuwa na njia ya kuingia kijikoni mwako. Nenda kamtafute huyo. Huenda ana jibu jingine kabisa.